Tunguri Tuliyoisahau Darini

Vijana wangu wa kikosi cha vifaa,

Mliponiaga kwa keki na kitenge, mmoja wenu alisimama akasema Mama Vifaa hajawahi kusahau hata kijiko mahali tulipopigia picha. Nilipiga makofi pamoja nanyi. Nilipofika nyumbani yale maneno yakaninyima raha, kwa sababu si kweli. Kitu kimoja kilibaki, na mpaka leo kinanifanya niamke nikiwa na wasiwasi. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Kazi niliianzia Mbeya, kwenye kikundi cha maigizo, kabla ya hapa kwenye televisheni. Aliyenipokea alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Mzee Gundi, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kutakata. Siku ya kwanza alinikaribisha chai, akaniwekea mkate mezani, akaniambia nile. Nikauma. Ulikuwa sponji iliyopakwa rangi. Hakucheka. Alinitazama nikitema, akasema, "Kamera ikidanganyika, hiyo ni kazi. Mtu akidanganyika, hiyo ni kesi." Halafu akanipa mkate wa kweli, nikala huku naukagua.

Kesi yenyewe niliiona mapema. Tulikuwa tumechimba kaburi la uongo kando ya mji, tukalifukia, tukalisimikia msalaba wenye jina la kubuni. Mzee Gundi alitaka tulibomoe jioni ileile. Wakubwa wakasema kesho tutaendelea nalo, liachwe. Asubuhi tulimkuta mama mmoja amelikumbatia. Mwanawe alikwenda migodini akapotea, na jina la kwanza pale msalabani lilikuwa la mwanawe. Tulimweleza, hakutusikia. Ikabidi Mzee Gundi apige magoti alifukue kwa mikono mpaka chini, yule mama akitazama, ili aone hakuna mtu. Alipoona hakushukuru. Alijifunga kanga yake vizuri akaondoka. Mimi nililia garini njia nzima, na tangu siku hiyo nikawa na sheria moja: kitu cha uongo kivunjwe mbele ya macho yangu kabla sijaondoka mahali.

Mnalikumbuka sanduku langu la bati, mlikuwa mnalitania kuwa ni jiko la kuhama. Ndani mlikuwa na majani ya chai ya kuzeeshea nguo, majivu yaliyochekechwa, chupa ya mafuta ya alizeti, brashi ya viatu, gundi, sindano ya kushonea magunia na kipande cha godoro. Godoro ni la lazima. Chochote kilicho tupu ndani kinasikika kitupu kikishikwa, na msanii naye anakishika kama kitu kitupu. Na katika kila nilichokitengeneza niliweka kizibo cha soda mahali pasipoonekana. Hiyo nayo niliirithi kwa Mzee Gundi. Alisema kitu cha uongo lazima kiwe na aibu yake ndani.

Sasa nifike Sumbawanga.

Miaka michache kabla sijastaafu, mwongozaji wetu Fadhili alikuja na tamthilia kutoka kwenye riwaya ya kale, ya nchi ya mbali, juu ya nyumba ya ukoo ambayo waliokufa hawataki kuihama. Waandishi waliihamishia Ufipa. Walisema kuna baridi, kuna ukungu, kuna uwanda mpana ambao nyumba moja inaweza kusimama peke yake ikatisha. Yote hayo ni kweli. Mimi nimekulia kule. Baba alitoka Mbeya akiwa mtumishi wa kilimo, na shule ya msingi nimesomea palepale mjini. Nikauliza kwenye kikao kama kuna ulazima wa kupeleka hadithi ya mizimu Sumbawanga. Watu wakaangua kicheko, kila mmoja akawa na utani wake juu ya uchawi wa kule, watu kusafiri kwa ungo na radi za kutumwa. Sisi tuliokulia kule utani huo tumeula tangu shule, mpaka tumeukinai. Nikaandika orodha ya vitu vya kununua.

Nyumba tuliyoipata ilikuwa ya Bibi Leokadia, mjane, nje kidogo ya mji. Marehemu mumewe alijifunza uashi kwa mapadre, na alipojijengea kwake akaweka madirisha ya upinde na dari ya mbao, vitu ambavyo kijijini havikuwa na mfano. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, limesakafiwa, na Bibi hulifagia kila asubuhi kabla hajafagia uwanja. Mtoto wao mmoja aliyebaki, Kasiana, ameolewa Kaoze, bondeni kule, mbali na mama yake. Bibi alikubali tupige picha kwa sababu tuliahidi kubadilisha mabati ya upande mmoja. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka yote ya kupikia kuni. Mnajua yanayowapata mabibi wa macho mekundu katika mikoa yetu, wanavyosingiziwa uchawi. Nilimtazama siku ya kwanza, nikaomba kimoyomoyo yasitoke ya kutoka.

Kila asubuhi alitupikia uji wa ulezi akisaidiana na jirani yake, Mama Oswadi. Kati ya nyumba zao hapakuwa na ua, palikuwa na kinjia tu kilichokanyagwa mpaka kikang'aa. Mama Oswadi alikuwa akifika anainama, anapiga makofi taratibu kwa viganja, kama wanawake wa Kifipa wanavyoamkia, kisha bila kusubiri kukaribishwa anafunua chungu aone kuna nini. Wakati mwingine alikula kabla ya mwenyewe. Mimi niliwaonea wivu. Katika nyumba za kupanga nilizoishi, jirani hugonga mlango akileta bili ya maji tu.

Siku moja Bibi aliniuliza huyo anayetembeatembea ndani ya nyumba katika hadithi yetu ni nani. Nikamwambia ni mama mwenye nyumba, alishakufa.

"Mwenye nyumba si mimi?" akauliza.

"Hiyo ni hadithi tu, Bibi."

Akaitika, akaendelea kupeta ulezi. Lakini hakuniuliza tena kitu juu ya kazi yetu, na lile jibu langu lilinikaa rohoni. Ni jibu tunalolitoa kila mahali. Sisi tunafunga mizigo na hadithi yetu tunaondoka. Mwenye nyumba anabaki na nyumba.

Katika tamthilia kulikuwa na tukio ambapo mke wa mtoto mkubwa anapanda darini, anakuta tunguri, kibuyu cha uchawi, anaitupa chini inapasuka. Mwanzoni niliomba iwe kitu kingine, sanduku au picha. Fadhili akasema mtazamaji anahitaji kuona akaelewa hapohapo. Alikuwa na haki yake, mtazamaji angeelewa. Basi nikaenda mjini, mtaa wa Majengo, nikanunua vibuyu viwili vidogo kwa mama anayeuza mbegu, shanga nyekundu na nyeusi kwenye duka la vipodozi, kipande cha kaniki na nywele za kusukia. Nikatengeneza mbili pacha, moja ya kuvunja na moja ya akiba, kama ilivyo kawaida yetu. Nikazipaka mafuta na majivu, nikazisugua mpaka zikaonekana zimeona mengi. Ndani godoro na punje za mahindi ili zitikisike. Ndani zaidi, kizibo cha soda. Nilipomaliza nilizifunika kwa kitambaa, maana hata mimi niliyezitengeneza sikupenda kuzigeuzia mgongo.

Siku ya tukio lenyewe nilitumwa mjini kutafuta chimni ya taa, ya kwanza ilikuwa imepasuka. Nikiwa Majengo mvua ikashuka na radi zake. Nilipofika, kikosi kilikuwa kimeshajaza magari, kila mtu amelowa na anataka kuondoka. Msaidizi mmoja wa kamera akanikabidhi mfuko wa vipande vya kibuyu, akaniambia, "Zote mbili hizo, Mama. Tulirudia." Nikachungulia. Vipande vya kibuyu vilivyochanganyika havihesabiki. Nikaviteketeza jioni ileile, nikaona nimetimiza sheria yangu. Kumbe tunguri ya pili walikuwa wameipachika juu ya boriti ili kamera iipate kutokea chini. Ya kwanza ilivunjika vizuri safari moja tu, ya pili haikuguswa, na radi ilipopiga wote wakatimua mbio. Vipande vile vingine vilikuwa vya kibuyu cha maji. Sitamtaja aliyesahau. Si kwa wema wangu. Hata yeye mwenyewe hajui kama ni yeye.

Tamthilia ilirushwa, ikapendwa. Vipande vyake vikazagaa kwenye simu. Nilifurahi na nikaogopa, kwa sababu nyumba ilionekana wazi mno, madirisha yale ya upinde hayafichiki. Nikampigia Bibi. Akasema vijana wa pale wanapita barabarani wanapiga picha nyumba yake, wengine wanamwita kwa jina la yule mama wa kwenye hadithi, aliyekufa. Alisema kwa kucheka. Mimi sikucheka.

Halafu nikapigiwa simu na Kasiana, kutoka Kaoze. Aliniamkia shikamoo kwa haraka. Kisha akanieleza. Dari ilikuwa inavuja, upande ambao hatukubadilisha mabati. Fundi akapanda, Mama Oswadi akamshikia ngazi. Fundi akaona tunguri juu ya boriti, nusura aanguke. Mama Oswadi akapiga yowe lililoita kitongoji kizima. Tangu siku hiyo hakuna anayepita kwa Bibi. Jioni mawe yanaanguka juu ya mabati. Na vijana wameshakwenda kuwaita lambalamba, wale watu wanaozunguka vijijini wakidai wanaondoa wachawi. Watafika Jumapili, baada ya misa.

"Nimemwambia aje huku kwangu," akasema. "Hataki. Anasema kaburi la baba nani atalifagia?"

Nikamwuliza kuna nini ndani ya ile tunguri. Akasema nani athubutu kuifungua.

Nikampigia Fadhili. Alishtuka kweli, sitamsingizia. Akauliza, si zilivunjika zote? Nikamwambia ndivyo nilivyoambiwa. Akapendekeza arekodi video ya kueleza kuwa ile ni kifaa chetu cha mchezo, airushe kwenye mitandao. Nikamwambia hao watu shida yao ilianzia kwenye video, na sasa wanamwona Bibi ndani ya simu zao akiwa mchawi aliyekufa. Akaniambia, "Basi nenda, Mama. Chochote utakachohitaji sema." Nilihitaji kuwa nimepanda ile ngazi mwenyewe siku ya mvua, lakini hicho hakuwa nacho.

Nilipanda basi la kutoka Mbeya nikiwa nimelipakata sanduku langu la bati. Kondakta alitaka liende kwenye buti, nikamkatalia, tukabishana mpaka Tunduma. Kila simu ilipolia ndani ya basi niliitazama yangu nikidhani ni Kasiana. Tulipofika Laela, abiria wa kiti cha mbele walikuwa wanatazama kipande cha tamthilia yetu. Niliisikia sauti ya ile tunguri ikipasuka, na mmoja wao akasema, hapo ndipo Sumbawanga penyewe. Nikageukia dirishani.

Nilifika kwa Bibi Jumamosi asubuhi. Kile kinjia cha kwa Mama Oswadi kilikuwa kimeanza kuota nyasi. Katikati ya uwanja palikuwa na beseni limefunikwa chini juu, na mawe juu yake. Tunguri ilikuwa chini ya beseni. Fundi ndiye aliyeishusha kwa fito na hakuna aliyeigusa tena. Bibi alikuwa anafagia kwa kuzunguka lile beseni, ameacha duara la takataka pembeni yake. Nilimwamkia, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko angenitukana.

Mwenyekiti wa kitongoji, Bwana Deusi, alikuwa mtu wa haki lakini naye alikuwa na hofu. Alikubali kuita watu mchana huo. Wakaja wengi, wakasimama mbali, nyuma ya mstari ambao hakuna aliyeuchora. Mama Oswadi alisimama mwisho kabisa, amejitanda kitenge mpaka puani.

Nikasema yote. Mimi ni nani, tulifanya nini, tunguri ni kazi ya mikono yangu na ilisahaulika. Nikaondoa mawe, nikafunua beseni. Watu wakarudi nyuma. Nikaishika ile tunguri, na naapa, kwa jinsi macho yote yalivyoiangalia, hata mimi niliigeuzageuza kwanza kana kwamba sikuijua. Nikaikata mshono wa kaniki, nikatoa godoro, nikamwaga punje, nikakitoa kizibo cha soda nikakiinua juu. Nikawauliza, mchawi gani anaweka kizibo cha soda?

Kisha kijana mmoja mwenye jaketi la ngozi akasema, "Wachawi wa siku hizi nao wanakunywa soda." Wachache wakacheka, na kicheko chao hakikuwa kizuri.

Basi nikafungua sanduku. Nilikuwa nimekuja na kibuyu kingine, shanga na kaniki. Nikaketi chini palepale, nikaanza kutengeneza nyingine mbele yao. Nikawaonyesha kila hatua kama nilivyokuwa nawafundisha ninyi: godoro ndani kwanza, kisha mafuta, majivu, brashi, kisha kusugua kwa kitambaa mpaka ing'ae mahali ambapo mkono ungeshika. Watu wakasogea. Mstari ule ukayeyuka. Nikaona nimeshinda, nikaanza hata kujisikia. Nilipomaliza nikairudishia ile ya kwanza godoro lake, nikaziweka mbili pamoja, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha.

Mzee mmoja wa mbele akazitazama kwa muda mrefu. Halafu akanitazama mimi.

"Kwa hiyo unajua kuzitengeneza," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimethibitisha kwamba Bibi Leokadia anatembelewa na mtu anayetengeneza tunguri. Mwenyekiti akashusha macho. Yule wa jaketi akatoa simu akanipiga picha. Nilitaka kukimbia, nasema kweli. Nilipima kwa macho umbali wa kufika barabarani, nikajua sifiki. Uhodari wangu wote wa miaka mingi ulikuwa pale chini, kwenye vumbi, na kila mtu aliuona, na ulizidi kumzamisha yule bibi.

Bibi Leokadia alikuwa jikoni muda wote huo. Alitoka akiwa amejifunga kanga kiunoni, akapita katikati ya watu, wakampisha kwa woga. Akainama akaokota tunguri zote mbili, moja mkono huu na nyingine mkono ule, akarudi nazo. Jiko lake liko wazi upande wa mbele, kwa hiyo tulimwona. Chungu cha maharage kilikuwa motoni. Akazisukuma chini ya chungu, katikati ya kuni.

Mtu akasema Yesu na Maria. Wengine wakakimbia mpaka barabarani. Moshi ukatoka mweusi, na ile harufu ikasambaa uwanjani. Nilijua ingetoka, lakini nilikuwa nimeshakata tamaa na kila kitu changu. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kunusa. Akakunja pua, akanusa tena.

"Hilo ni godoro," akasema.

Watu wakanusa. Ni harufu ambayo kila nyumba inaijua, ya siku mtu alipochoma godoro bovu nyuma ya nyumba na majirani wakamtukana. Nilisikia mtu akikohoa, na mwanamke mmoja akilalamika kwamba maharage yatanuka. Wengine walibaki wamekaza uso.

Bibi aliusubiri moshi upungue. Akasonga ugali wa ulezi bila haraka, akaupakua, akapakua maharage, akatandika mkeka uwanjani mahali lilipokuwa beseni. Kule, mwenye chakula huonja kwanza ili mgeni ale kwa amani. Akamega tonge, akachovya, akala mbele ya wote. Mimi nikanawa nikala, lakini nilijua tonge langu halina uzito pale. Mimi ni mgeni, na kwa wakati ule nilikuwa mshtakiwa mwenzake. Mwenyekiti alisimama tu, anasugua viganja vyake.

Bibi akaita kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita juu ya ua. "Mama Oswadi. Mimba ya Oswadi ilipokukataza chakula chochote, ulikula kwa nani?"

Mama Oswadi akakivuta kitenge puani.

"Kama nilitaka kukuua ningekuua wakati ule, wala usingepiga yowe. Njoo ule. Au sema hapa mbele ya watu kwamba huli, nami nitaondoka leo, sitangoja Jumapili."

Nilimwona amemaanisha. Kasiana alikuwa ameshafika kutoka Kaoze na bodaboda ilikuwa inasubiri barabarani. Bibi alikuwa ameweka nyumba yake, na kaburi la mumewe, mikononi mwa mwanamke mmoja mwenye hofu. Nikasema moyoni, Bibi, si huyo, mchague mwingine, huyu ndiye aliyepiga yowe. Nilikuwa sijaelewa. Mtu mwingine yeyote angekula, na bado watu wangesema, lakini Mama Oswadi aliyepiga yowe akila, wangekosa la kusema.

Mama Oswadi akaanza kutembea. Hakupita uwanjani moja kwa moja. Alizunguka mpaka kwenye kile kinjia chao, akaja kwa njia yake ya siku zote. Alipofika mbele ya mkeka akainama, akapiga makofi taratibu. Machozi yalikuwa yanamtoka, makofi hayakusikika vizuri. Akanawa, akamega, akala, akafumba macho akitafuna. Alipofumbua akasema, "Yananuka moshi." Bibi akamjibu, "Kula hivyohivyo."

Mwenyekiti akaketi. Wakafuata wengine, si wote. Yule wa jaketi aliondoka bila kula, na wengine kadhaa pamoja naye. Lambalamba Jumapili hawakufika. Sijui kama ni kwa sababu mwenyekiti alituma ujumbe au walipata kijiji kingine kilicho tayari zaidi. Hilo la kijiji kingine ninalifikiria mara nyingi.

Ninyi mtakaoshika sanduku, hesabuni kwa macho, msihesabu kwa masikio. Mkiambiwa vyote vimevunjika, pandeni ngazi. Na mkiona hadithi inaweza kuondoka nanyi ikaacha kivuli chake kwenye nyumba ya mtu, semeni kwenye kikao, hata wakicheka, mseme tena. Mimi nilisema mara moja tu.

Mpaka sasa nampigia Bibi kila Jumapili baada ya misa. Simwulizi habari za afya. Namwuliza leo nani kala kwake. Ananitajia, na jina la Mama Oswadi likiwamo naweza kuendelea na siku yangu. Jumapili iliyopita alisema, "Leo nimekula peke yangu." Nikahisi baridi ya mikono yake kwenye mikono yangu. Akaongeza kwamba Mama Oswadi amekwenda Ilemba, binti yake amejifungua.

Nikamwambia sawa, Bibi, tukaagana. Kisha nikampigia Mama Oswadi mwenyewe, nikamwuliza yuko wapi. Akacheka, akasema yuko Ilemba, ana mjukuu wa kike mapajani. Nikamwomba asogeze simu nimsikie mtoto. Alilia vizuri, kwa nguvu. Nikasikiliza mpaka salio likaisha.